Kujipima VVU kwa kipimo cha mate: hatua kwa hatua, tangu pakiti mpaka kituo cha afya

Kazi yangu ni ushauri nasaha katika kituo cha mapumziko cha madereva wa malori, kando ya barabara kuu itokayo Malaba kwenda Kampala, na haipiti wiki bila kuulizwa maswali yaleyale kuhusu kipimo cha VVU cha mate. Dereva wa Mombasa anaingia na pakiti aliyoificha ndani ya soksi na kuuliza kwa sauti ya chini kama kile kichupa kinanywewa. Mchuuzi wa samaki aliyevuka kutoka Kongo analeta pakiti iliyokwisha kufunguliwa jana. Mama mmoja wa soko la Busia alinijia na kijiti alichokitumia saa tatu za usiku na kukisoma alfajiri, akiwa amelia hata macho yamevimba, kumbe kipimo kilichokaa usiku kucha hakisomwi kabisa. Wote walikuwa na karatasi ya maelekezo, lakini haikuwa ya Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya kazi na ya mashaka yao. Mwongozo huu ni wao, na ni wako wewe pia ikiwa pakiti iko mkononi na hujui uanzie wapi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 hadi 2021 ulionyesha kwamba asilimia 5.8 ya watu wazima wa Uganda wanaishi na VVU: wanawake asilimia 7.2, wanaume asilimia 4.3. Takriban mmoja kati ya watano wenye virusi hakuwa akijua hali yake, na huyo asiyejua ndiye kipimo hiki kinachomtafuta.

Ninaeleza hapa kipimo cha mate cha OraQuick, kwa kuwa ndicho ninachoulizwa zaidi. Vipo pia vipimo vya kujipima kwa tone la damu ya kidole. Hivyo vina hatua zake na muda wake wa kusoma, kwa hiyo usichukue dakika za kipimo kimoja ukazitumia kwa kingine.

Kabla ya kufungua: je, kipimo hiki kinakufaa leo?

Watu wengi huruka sehemu hii, na makosa makubwa niliyoyaona yalianzia hapa, si kwenye kijiti. Kipimo cha mate hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya virusi kuingia, na ambao hupatikana katika majimaji ya ufizi. Mwili huhitaji muda kuwaunda. Kwa sababu hiyo jibu unalopata leo linasimulia maisha yako kuanzia miezi mitatu iliyopita kurudi nyuma, wala halisemi lolote la uhakika kuhusu Jumamosi iliyopita.

Jiulize basi maswali haya, na ujijibu kwa ukweli, maana hakuna mwingine anayesikia.

Je, jambo linalokutia hofu limetokea ndani ya saa 72 zilizopita? Kondomu imepasuka, umelazimishwa, umechomwa na sindano iliyotumika? Acha pakiti na uende kituo cha afya sasa hivi, usiku au mchana. Omba PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ambazo humezwa kila siku kwa siku 28. Zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na saa 72 ndizo mwisho wake. Nimewahi kumpokea kijana aliyejipima siku ya pili baada ya tukio, akaona mstari mmoja, akafurahi, akalala. Alipokuja kuniuliza maana yake, siku tano zilikuwa zimepita na mlango wa PEP ulikuwa umefungwa. Kipimo hakikumdanganya. Yeye alikiuliza swali ambalo hakiwezi kulijibu.

Je, tukio hilo limetokea zaidi ya saa 72 zilizopita lakini miezi mitatu haijatimia? Huu ndio huitwa kipindi cha dirisha. Unaweza kujipima, ila mstari mmoja hautakuwa neno la mwisho. Utarudia miezi mitatu itakapotimia tangu siku ya tukio, na katikati ya muda huo utatumia kondomu kila mara.

Je, tayari unatumia ARV, yaani dawa za kudhibiti VVU? Basi kipimo hiki si chako. Dawa zikifanya kazi vizuri, kingamwili zinaweza kupungua mpaka kijiti kikaonyesha mstari mmoja, na mtu akaamini kwamba amepona. Nitalirudia jambo hili huko mbele, kwa kuwa limewaponza watu. Vilevile, ikiwa unameza PrEP, dawa inayomezwa na asiye na virusi ili asiambukizwe, au umemaliza PEP hivi karibuni, fanya kipimo kituoni, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana.

Je, unataka kumpima mtoto mchanga? Usifanye hivyo. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na zinaweza kudumu mwilini mwake hadi miezi 18, kwa hiyo mistari miwili kwa mtoto huenda ikawa habari ya mama tu. Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa kwa kipimo maalumu cha damu kinachotafuta virusi vyenyewe, na katika vituo vya Uganda jambo hilo huanza akiwa na umri wa wiki sita hivi.

Vitu unavyohitaji

- Pakiti ambayo haijafunguliwa na ambayo tarehe yake ya mwisho haijapita. Hupatikana katika vituo vya afya, kwa wahudumu wa afya wa kijiji tunaowaita VHT, na katika baadhi ya maduka ya dawa.
- Saa, au simu yenye kengele. Usikadirie kwa macho.
- Mwanga wa kutosha. Mwanga hafifu wa kibatari hauonyeshi mstari mwembamba.
- Meza au sehemu nyingine iliyo sawa, ambayo haitatikiswa. Dashibodi ya lori linalotembea si meza.
- Nafasi ya dakika 40 bila kuitwa na mtu, na bila kuendesha gari mara tu baada ya hapo.
- Jina la mtu mmoja unayeweza kumpigia simu, au namba ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066.

Madereva wanisikilize hapa. Pakiti inatakiwa kutunzwa kwenye joto lisilopita nyuzi 30 za Selisiasi. Kabini ya lori lililoegeshwa juani Elegu, mpakani na Sudan Kusini, wakati wa mchana hupita kiwango hicho bila shida, na pakiti iliyokaa humo wiki nzima siiamini. Ichukue karibu na siku utakayoitumia.

Hatua za kujipima

1. Tuliza kinywa. Usile, usinywe wala usitafune chochote kwa dakika 15 kabla ya kuanza, na mirungi pia imo. Ikiwa umepiga mswaki au kusukutua kwa dawa ya kinywa, subiri dakika 30. Mwenye meno ya bandia yanayofunika ufizi ayatoe.

2. Fungua pakiti na utazame vilivyomo. Ina vyumba viwili: kimoja kina kichupa chenye maji ya kipimo, kingine kina kijiti. Utaona pia kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, ambacho si dawa na hakiliwi. Kama hakimo, au kama mfuko ulikuwa umetoboka, usitumie pakiti hiyo. Tafuta na kishikizo cha kusimamishia kichupa.

3. Fungua kichupa bila kukimwaga, kisha ukisimamishe katika kishikizo. Maji hayo hayanywewi na hayapakwi popote. Yakikugusa machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi safi. Tangu hapa, kichupa kikimwagika, zoezi limekwisha na utahitaji pakiti nyingine. Usijaze maji ya bomba ukidhani ni sawa, nimeona yaliyojazwa.

4. Toa kijiti kwa kushika upande wenye dirisha dogo. Upande wa pili una ncha bapa yenye kitambaa laini. Ncha hiyo isiguswe na kidole, isilazwe mezani, isifutwe.

5. Pangusa ufizi wa juu mara moja. Bonyeza ncha bapa mahali jino linapokutana na nyama, upande wa nje, ukianzia mwisho wa upande mmoja hadi mwisho wa pili. Mara moja tu. Usisugue kama mtu anayepiga mswaki.

6. Pangusa ufizi wa chini mara moja kwa namna hiyohiyo. Si ulimi, si shavu kwa ndani, si kaakaa. Watu wengi hujaribu kutema mate kwenye kijiti kwa sababu kipimo kinaitwa cha mate. Jina linapotosha kidogo, kwani tunachokitaka kiko ufizini.

7. Tumbukiza ncha bapa ndani ya kichupa mpaka iguse chini, dirisha likikutazama.

8. Anza saa sasa. Andika wakati uliotumbukiza, usiutegemee moyo. Baada ya muda utaona rangi ya waridi ikipanda dirishani. Ni kawaida, haina maana yoyote, na haistahili kukupandisha presha.

9. Acha kijiti humo dakika 20 kamili. Usikitoe kukichungulia, usikiinamishe, usikitikise.

10. Soma kati ya dakika ya 20 na dakika ya 40. Kabla ya 20, jibu halijaiva. Baada ya 40, halina thamani tena, lionyeshe linavyotaka kuonyesha. Ukipitiwa na usingizi, tupa na uanze upya siku nyingine kwa pakiti mpya.

Kusoma mistari

Kando ya dirisha kuna herufi C na T. Mstari wa C ni mlinzi: unakuambia kama kipimo kimefanya kazi. Mstari wa T ndio unaobeba jibu.

Mstari mmoja kwenye C, na pasipo kitu kwenye T: kingamwili hazikuonekana.

Mistari miwili, C na T: kingamwili zimeonekana, na lazima jibu lithibitishwe. Mstari wa T ukiwa mwembamba, hafifu, wa kukazia macho, bado ni mstari. Hakuna jibu la nusu. Watu hunipigia picha ya mstari hafifu na kuniuliza kama maana yake ni virusi vichache. Ukolezaji wa rangi hausemi wingi wa virusi, na hausemi mtu ameambukizwa lini.

Hakuna mstari kwenye C, hata kama upo kwenye T: kipimo kimeharibika. Hujajua kitu bado. Tumia pakiti mpya au nenda kituoni.

Baada ya mstari mmoja

Ikiwa miezi mitatu imepita tangu jambo lolote la hatari, na hutumii dawa nilizozitaja, pumua. Kisha fikiria miezi mitatu ijayo. Mwenye wapenzi zaidi ya mmoja, au mwenye mpenzi asiyejua hali yake, apime tena kila baada ya miezi mitatu, na aulize kituoni kuhusu PrEP. Kondomu bado ni kinga, na huzuia na magonjwa mengine ya zinaa ambayo kijiti hiki hakiyaoni. Mwanamume asiyetahiriwa ajue kwamba majaribio matatu ya Afrika, mojawapo lililofanyika Rakai hapa Uganda na kutolewa matokeo mwaka 2007, yaligundua kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Inapunguza, haiondoi. Wapo waliotahiriwa wakaacha kondomu siku hiyohiyo, na hao wameelewa nusu ya habari.

Baada ya mistari miwili

Kaa chini kwanza. Usiendeshe, usimpigie mtu kumlaumu, usinunue pombe, usiandike ujumbe utakaotamani kuufuta. Mstari wa pili ni sababu ya kwenda kupimwa damu. Haujawa bado jina la ugonjwa wako. Mpe mwili wako chai na saa moja.

Kisha nenda kituo cha afya, leo au kesho, na useme kwa ufupi: "Nimejipima kwa mate, nimeona mistari miwili, naomba kuthibitisha." Huhitaji kueleza zaidi ya hapo mapokezini. Utapimwa damu kwa vipimo kadhaa kwa mfuatano, na mshauri atakaa nawe kabla na baada. Kadi au kijiti cha nyumbani si lazima kukibeba, kwani hakitasomwa tena.

Ikithibitishwa kwamba una VVU, utaratibu wa sasa ni kuanza dawa mara moja, mara nyingi siku ileile, bila kungoja kinga ya mwili ishuke, kama ilivyokuwa zamani. Uganda iliingia katika utaratibu huo mwaka 2016. Kwa watu wazima walio wengi ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake, nacho hutolewa bure katika vituo vya serikali. Baada ya miezi michache utapimwa wingi wa virusi katika damu. Mtu anayemeza dawa sawasawa hadi virusi vyake visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika kazi yangu, na bado wapo wanaodhani ninawabembeleza.

Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini wanaikumbuka habari nyingine. Ugonjwa uliosikika kwanza Kasensero, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria katika wilaya ya Rakai ya wakati ule, mwaka 1982, uliitwa slim kwa namna ulivyowakondesha watu, na jina hilo limebaki katika Kiganda kama siriimu. Philly Lutaaya, mwanamuziki, aliposimama mwaka 1989 na kutangaza hali yake, kuna waliodai kwamba anatafuta umaarufu. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Kituo cha kwanza cha ushauri na upimaji wa hiari kilipofunguliwa Kampala mwaka 1990, mtu alitolewa damu akarudi kuchukua jibu majuma mawili baadaye, na hakukuwa na dawa ya kumpa. Woga wa wakati ule ulikuwa na sababu. Wa leo umerithiwa tu, na ndio unaomfanya dereva aifiche pakiti ndani ya soksi.

Kumpelekea mwenzi wako kipimo

Kliniki nyingi za wajawazito huwapa akina mama pakiti ya ziada wampelekee baba nyumbani, kwa kuwa wanaume hawaji. Ni mpango mzuri ambao umewafikia wanaume wengi. Lakini mama ndiye anayebeba pakiti hiyo mpaka mlangoni, na mimi ningependa apewe na ushauri wa kutosha pamoja nayo.

Mama, kama mumeo ana mkono mwepesi, kama aliwahi kukupiga au kukutishia, usiipeleke. Mweleze mkunga, kituo kina njia nyingine za kumwita mwanamume bila jina lako kutajwa. Kama nyumba ina amani, usiiweke mezani wakati wa chakula cha jioni mbele ya wakwe. Chagua saa mnayozungumza mambo ya fedha au ya watoto, na uanze na mwenyewe: "Baba fulani, mimi nimepimwa kliniki, wamenipa na cha kwako. Tukifanye pamoja?" Asipotaka leo, pakiti haiozi kabla ya tarehe yake.

Na wewe mwanamume, usimpake mkeo kijiti akiwa amelala, wala usimlazimishe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 kuhusu kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI imejengwa juu ya hiari ya anayepimwa, isipokuwa hali chache ilizozitaja. Zaidi ya sheria, jibu lililopatikana kwa mabavu halimpeleki mtu kliniki, humpeleka kwao.

Ikiwa mmoja ana mistari miwili na mwingine mmoja, msiharakishe kutafuta nani alitoka nje. Wanandoa wenye majibu tofauti ni wengi, na mmoja huenda aliambukizwa kabla hamjajuana. Nendeni pamoja kupimwa damu. Mwenye virusi ataanza ARV, asiye navyo ataelezwa kuhusu PrEP, na kondomu itatumika mpaka kipimo cha wingi wa virusi kionyeshe kwamba havionekani.

Yanayokwama mara kwa mara

*Ufizi wangu ulitoka damu nilipopangusa.* Damu kidogo haizuii. Endelea, ila usisugue zaidi.

*Niligusa ncha bapa kwa kidole.* Usiitumie. Tafuta pakiti nyingine.

*Rangi ya waridi imejaa dirisha zima, sioni mistari.* Ngoja mpaka dakika ya 20, kwa kawaida huondoka. Dakika ya 40 ikifika nayo bado imefunika, hesabu kipimo kuwa kimeharibika.

*Kijiti kimeonyesha mistari miwili, kituoni wakaniambia sina.* Hutokea mara chache. Jibu la kufuata ni la kituo, na kama watakuomba urudi baada ya siku kadhaa kurudia, rudi kweli.

*Ikiwa kipimo huona VVU katika mate, basi nisinywe kikombe kimoja na mgonjwa?* Kunywa. Kijiti kinaona kingamwili, si virusi. VVU haviambukizwi kwa kikombe, sahani, kupeana mkono wala kulala chumba kimoja. Nimewahi kuona mgonjwa akitengewa kijiko chake nyumbani kwa kaka yake. Kijiko hicho hakikumkinga mtu yeyote, kilimfunza mgonjwa kula peke yake tu.

*Mwajiri anataka picha ya kijiti changu ndipo anipe safari.* Usitume. Sheria niliyoitaja inakataza mtu kunyimwa kazi au kuachishwa kwa sababu ya VVU pekee, na kijiti cha nyumbani hakina jina la mtu hata kingetumiwa picha.

*Nimemaliza, nitupe wapi?* Rudisha kila kitu ndani ya pakiti, funga katika mfuko mweusi, tupa pipani mbali na watoto. Kisiachwe nyumba ya wageni juu ya kitanda. Mfanya usafi ana macho na mdomo.

*Ninatumia ARV mwaka wa tatu. Niliombewa, nikajipima kwa mate, nikaona mstari mmoja. Je, niache dawa?* Usiache hata kidonge kimoja. Nilichokisema mwanzoni ndicho hiki: dawa zako zimevizuia virusi hata kingamwili zikapungua, na kijiti kikakosa cha kushika. Ukiacha, virusi vilivyojificha mwilini vitaanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache. Endelea na maombi, na umeze kidonge kabla au baada yake. Kipimo kinachokuhusu wewe ni kile cha wingi wa virusi, ambacho kliniki yako itakufanyia.

*Nimeona mistari miwili nikiwa Elegu, nyumbani ni Mombasa, na mzigo unasubiriwa Juba. Nianzie wapi?* Thibitisha hapo ulipo, kabla ya kuvuka mpaka. Ikithibitishwa, kubali kuanza dawa papo hapo, hata kama unapanga kuhudumiwa kwenu. Mwambie muhudumu ratiba yako ya safari bila kuona haya, uombe dawa za kukutosha mpaka utakapofika kliniki nyingine, na uombe barua ya uhamisho inayoonyesha dawa uliyopewa na tarehe uliyoanza. Barua ipige picha uiweke katika simu. Dawa zikae kwenye begi unaloshuka nalo kila unapoegesha, zisibaki kabini juani. Kengele ya simu uliyoitumia kuhesabu zile dakika 20 iwekee sasa saa ileile kila siku, saa ambayo huwa umesimama, kwa mfano unapokunywa chai ya usiku, na umeze kidonge kabla ya kuwasha gari tena.